Bomba Lililopanda Jiwe

Vijana wangu, mkishafungua mfuniko wa chemba msikimbilie kuwasha kamera. Kaeni pembeni kidogo, hewa mbaya itoke, na huku mkisubiri mumuulize mwenye nyumba maji yanarudi saa ngapi. Ni asubuhi watu wanapooga, au mchana? Ni siku za mvua tu, au hata kiangazi? Najua mnaona hayo ni maswali ya wazee wasio na haraka. Mimi nimezibua mabomba ya majitaka mjini Morogoro tangu sijaota ndevu mpaka zimekuwa nyeupe, na kosa langu kubwa kuliko yote lilitokana na jibu ambalo mtu alinipa, nami nikalicheka.

Nitalifikia hilo kosa. Kwanza niwaambie nilivyoichukia hiyo kamera yenyewe.

Sisi tulilelewa kazini na Mzee Salum, Mungu amrehemu, ambaye alikuwa msimamizi wetu wakati wote wa ujana wangu. Yeye alikuwa anainama juu ya chemba, anafumba macho, ananusa kidogo, kisha anasema, "Hapa ni mafuta ya kupikia," au, "Hapa ni mchanga wa mlimani." Mara nyingi alipatia. Mvua ikinyesha Uluguru, udongo wa mashamba ya juu hushuka hadi mjini, na chemba yenye mfuniko uliopasuka huupokea wote. Tulikuwa tunazibua kwa vyuma virefu vinavyoungwa kimoja kwa kingine, na Mzee Salum alitufundisha kuvizungusha kulia tu. Ukizungusha kushoto vinafunguka humo humo ndani, unavuta unatoka na kimoja mkononi na vingine umeliachia bomba. Mimi niliviacha vitatu siku moja kwenye mtaa wa watu wenye heshima zao, na tukashinda kutwa nzima kuvitafuta. Mzee Salum hakunigombeza, ila kila alipokuwa ananituma dukani alikuwa ananiuliza kama naukumbuka mkono wangu wa kulia.

Basi mtu aliyefundishwa kunusa na kusikiliza, miaka yake ya mwisho ya kazi analetewa kamera. Ni kichwa kidogo chenye taa, nyuma yake waya mgumu uliozungushwa kwenye gurudumu, na kioo cha kutazamia. Aliyeileta ni Neema, mhandisi kutoka Mbeya, mwanamke wa makamo ya mwanangu wa pili, mpole wa maneno na mgumu wa kazi. Mimi nikaibatiza jina kamera yake, nikawa naiita televisheni ya chooni. Mafundi wenzangu walicheka, Neema naye alicheka, kisha akanikabidhi mimi niishike.

Siku hiyo ya kwanza nilibonyeza sifuri ya kipimo cha urefu wa waya kamera ikiwa bado juu, kwenye mdomo wa chemba. Chemba yenyewe ilikuwa na kina cha mita mbili. Kwa hiyo kipimo kilipotuonyesha mahali bomba lilipopasuka, mita mbili kati ya hizo zilikuwa za kushuka tu, hazikuwa za bomba. Tukaenda kuchimba mbele zaidi ya ufa, katikati ya bustani ya maua ya mwalimu mstaafu ambaye alikuwa akiyamwagilia kila alfajiri. Tulikuta bomba zima, safi, halina hata mchubuko. Neema alikaa juu ya kifusi akacheka mpaka kofia ikamwanguka, kisha akaniambia, "Fundi Mkude, sifuri inaanzia mdomoni mwa bomba, siyo mdomoni mwa chemba." Mwalimu hakucheka. Nilirudi kwake jioni na miche ya waridi, nikaipanda kwa mikono yangu, na hata leo nikipita pale naangalia kwanza kama yupo barazani.

Baadaye nikaipenda kamera, nakiri. Nikajifunza kupaka tone la sabuni ya vyombo kwenye kioo cha jicho lake ili mafuta yasigande. Nikajifunza kulisafisha bomba kwa maji kabla ya kuiingiza, maana ukiizamisha kwenye uchafu utaona giza tu. Nikajifunza kwamba wakati wa kuirudisha ndipo unapoona zaidi, kwa sababu wakati wa kwenda unahangaika kusukuma. Mizizi inaonekana kama nywele zinazoning'inia kwenye maungio. Mafuta ni meupe na yamenenepa pembeni. Na ukiona maji yanapanda kwenye kioo mpaka kamera inazama, halafu baada ya mita kadhaa inaibuka tena, basi jua maji yamesimama hapo na bomba halina mteremko unaotakiwa.

Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize.

Kulikuwa na mama mmoja, Mama Nyamizi, ambaye alikuwa na mgahawa kwenye mtaa mmoja wa chini ya mlima, upande wa kwenda Bigwa. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mimi ni Mluguru wa Kinole, kwa hiyo sisi ni watani. Nyie wa siku hizi mnadhani utani ni vichekesho vya kwenye simu. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na usikasirike. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye makosa. Mama Nyamizi hakuwahi kunisalimia vizuri hata siku moja. Nikitokea tu kwenye kona alikuwa anawaambia wateja wake wafunike sahani, Mluguru ameshuka mlimani na njaa yake. Nami nilikuwa namjibu kwamba mabibi na mababu zake walibeba mizigo kichwani mpaka pwani, na yeye mpaka leo anakula kwa ajili ya safari ile.

Bomba la nyuma ya mgahawa wake lilikuwa linaziba. Tunazibua leo, baada ya wiki tatu limerudi. Kila tulipoingiza vyuma yalitoka mafuta na punje za wali, na kila mara mimi niliandika kwenye fomu maneno yale yale, kwamba sababu ni mabaki ya jikoni. Tulimwambia aweke kichujio, akaweka. Tulimwambia ajenge shimo la kunasia mafuta, akajenga. Bomba likaziba vilevile. Maji machafu yalikuwa yanafumuka kwenye chemba ya uani, hatua chache kutoka kwenye mafiga yake, na wateja wakaanza kupungua. Aliyekuwa anapika sufuria tatu za pilau siku ya Ijumaa akawa anapika moja.

Siku moja nikiwa nakunja vyuma alinifuata uani, akasimama mikono kiunoni.

"Wewe Mluguru, siku ya Idi nilifunga mgahawa. Nilifunga na siku tatu zilizofuata, nilikwenda kwa mwanangu Dodoma. Sikupika hata chai. Nimerudi nimekuta uani panaogelewa. Hayo mafuta yangu yaliingia humo yenyewe?"

"Mnyamwezi hata akisafiri, harufu ya ugali wake inabaki," nikamwambia.

"Nyie mmezoea maji yanayoshuka yenyewe mlimani. Bomba la huku chini mtalijulia wapi? Mlilaza hili bomba mkiwa mmelala."

Nilicheka nikapanda gari la kazi. Sikuandika neno hata moja katika hayo aliyoniambia. Kama angekuwa mtu mwingine, labda ningemsikiliza. Lakini maneno yalitoka kwa mtani, nikayapokea kama utani, na mama yule alikuwa ananipa jibu lote la ugonjwa wa bomba lile: linaziba hata jiko likiwa baridi.

Mambo yakafika kwa bwana afya. Akaja na Neema, na mafundi, na kamera, na mimi nikiwa nimeshika gurudumu la waya. Safari hii sifuri niliibonyeza panapotakiwa. Tuliingiza kamera kutoka chemba ya juu. Bomba lilikuwa zuri mwanzoni, maji yanatembea vizuri chini, maungio yamekaa sawasawa. Kufika mita kumi na tisa maji yakaanza kupanda kwenye kioo. Kamera ikazama. Nikasukuma taratibu. Ikaibuka ghafla mahali pakavu, ungio moja limefunguka mdomo na mizizi imening'inia, kisha ikashuka na kuendelea na safari. Nikairudisha mpaka pale maji yaliposimama, Neema akatembea juu ya ardhi na kifaa cha kutafutia kichwa cha kamera, kikalia kwenye pembe ya jiko la Mama Nyamizi, pale pale lilipojengwa tenki lake la maji juu ya nguzo za zege.

"Hili tenki ndilo limelikandamiza bomba," bwana afya akasema. "Ardhi imetitia."

Neema hakukubali haraka. Alirudia picha, akaitazama tena. "Kamera inanionyesha maji yamesimama," akasema. "Hainiambii kama bomba limeshuka hapa kwenye maji au limepanda pale mbele. Fundi Mkude, wewe ulikuwepo wakati mtaa huu unalazwa bomba. Ardhi ya hapa inatitia?"

Wanangu, nilikuwa nimeshaelewa. Nilielewa tangu kamera ilipoibuka pakavu. Miaka mingi nyuma, tulipokuwa tunalaza bomba lile, Mzee Salum alikwenda msibani Matombo akaniachia mimi kamba, pimamaji na mtaro ulio wazi. Tulipofika mahali hapo tukakutana na jiwe, jabali kubwa limelala chini ya mtaro, na mgongo wake umesimama juu ya kamba yetu kwa vidole vinne. Dawa yake ilikuwa moja, kulichoma moto, kulimwagia maji baridi na kulipasua kwa nyundo, kazi ya siku mbili. Huko Uluguru mawingu yalikuwa yameshafunika vilele. Mvua ikinyesha mtaro utajaa, kingo zitaanguka, tutaanza upya. Nikawaambia wenzangu tulinyanyue bomba lipite juu ya jiwe, vidole vinne si kitu. Tukafukia. Mzee Salum aliporudi aliniuliza kama tumepita salama, nikamwambia tumepita. Alikufa akiamini hivyo.

Na kweli bomba lilifanya kazi miaka mingi, nyumba zikiwa chache. Nyumba zilipoongezeka na mchanga wa mlimani ukaanza kuingia, ule mgongo ukawa unazuia kila kitu nyuma yake. Mafuta ya Mama Nyamizi yalikuwa yanagota pale kama ambavyo yangegota mafuta ya mtu yeyote.

Neema alikuwa ananisubiri nijibu. Nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu. Mafundi wote waliokuwa pale nilikuwa nimewafundisha mteremko mimi mwenyewe, na wengine niliwahi kuwavunjisha kazi ya siku nzima kwa kukosea kidole kimoja.

"Inawezekana imetitia," nikasema.

Maneno mawili tu. Bwana afya akaandika. Mama Nyamizi akapewa karatasi ya kubomoa jiko na tenki ndani ya siku kumi na nne, kwa kujenga juu ya bomba na kuliharibu. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaiweka kwenye kanga yake. Hakunitania. Aliniuliza tu, "Jiko hili nimelijenga baada ya mume wangu kufa, tofali kwa tofali. Nikilibomoa nitapikia wapi?" Mimi nilijifanya nasafisha waya.

Siku mbili chakula hakikupita. Mke wangu aliniuliza kama ninaumwa, nikamwambia ni malaria, akanipeleka kupima, hawakuona kitu. Niliona aibu nikiwa nimekaa kwenye benchi la zahanati katikati ya watu wenye homa za kweli. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja mgahawani.

Mama Nyamizi alikuwa anachambua mchele. Nikamwambia habari yote, jiwe, vidole vinne, mawingu, na jibu nililompa Neema. Akacheka. Akasema, "Mluguru wewe, kumbe unajua kutunga. Leo umekuja kunitania na siku si nyingi navunjiwa jiko."

Sikumjibu kwa utani. Akaweka ungo chini polepole.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, Mama Nyamizi."

Kisha akafunga kanga yake vizuri. "Basi simama. Twende ofisini ukaseme kama ulivyonieleza hapa, na usipunguze."

Nilisema, na sikupunguza. Neema alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa karatasi nikaandika kwa mkono wangu, kisha akatoka na pimamaji na mafundi. Tulichimba kutokea nje ya ukuta ili tusiguse jiko. Nilishuka mtaroni mimi mwenyewe na chepe. Tulipolifikia bomba, lilikuwa limelala juu ya jiwe vilevile nilivyoliacha, na mtaa mzima ulikuwa umesimama juu ya kingo unatazama. Neema aliweka pimamaji juu ya bomba, akaniachia mimi niisome kwa sauti. Niliisoma. Kijana mmoja niliyewahi kumvunjisha kazi alikuwa karibu yangu, akageuza uso pembeni ili nisimwone anavyonitazama.

Jiwe tulilipasua kwa siku mbili, zile zile nilizozikwepa. Bomba likalazwa upya kwa mteremko wake, agizo la kubomoa likafutwa, na maji hayakurudi tena uani kwa Mama Nyamizi. Ofisi ilinipa onyo la maandishi, nikalipokea kwa mikono miwili. Mafundi waliendelea kuniheshimu, ila walikuwa wananikagua, na walifanya vizuri.

Kwa hiyo mkisikia nasema kamera ni kitu kizuri, sikilizeni na hili. Kamera itawaonyesha umbo la kilichoko ndani, lakini sababu yake mara nyingi anaijua mtu. Anaijua anayepika jirani na chemba, au anaijua fundi aliyefukia na kunyamaza. Maji yakisimama, pimeni kina cha bomba mahali patatu kabla hamjasema ardhi imetitia. Andikeni aliyowaambia mwenye nyumba, hata kama ameyasema huku anawatukana. Na mkikuta kosa ni lenu, semeni siku hiyo hiyo, kabla mtu hajapewa karatasi.

Mama Nyamizi hakunisema vibaya popote. Alifanya kitu kilichonichoma zaidi. Nilipopita mgahawani wiki iliyofuata aliinuka kwenye kigoda, akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Shikamoo, Fundi Mkude."

Mimi ni mkubwa kwake kwa miaka michache, shikamoo ni haki yangu. Lakini kati ya watani shikamoo ni mlango uliofungwa. Nikaitikia marahaba, akaniuliza hali ya nyumbani, akanipa chai kwa adabu, na wateja hawakuambiwa wafunike sahani zao. Ikawa hivyo mwezi baada ya mwezi. Nilimchokoza mara mbili tatu kwa habari za mizigo na pwani, akatabasamu kama unavyomtabasamia mgeni, akaendelea kukoroga sufuria yake. Nikastaafu. Nikarudi Kinole kwenye mashamba ya upande wa mama yangu, kwenye mdalasini na migomba, na nikajiambia kwamba utani wangu na yule mama ndio umekwisha, na kwamba niliustahili huo mwisho.

Mwaka jana mama yangu alifariki. Alikuwa amekula chumvi nyingi, alikwenda kwa utulivu baada ya sala ya adhuhuri. Asubuhi yake uwanja ulijaa watu, wanawake ndani, wanaume kwenye mikeka, na vijana wa ukoo wakainuka kwenda kuchimba kaburi. Nikainuka nao, nikachukua jembe, maana nilitaka mkono wangu uwemo.

Nikasikia fujo njiani. Mama Nyamizi alikuwa amepanda mlima ule wote tangu Mkuyuni, nyuma ya pikipiki, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Hakunisalimia. Alipita katikati ya wanaume, akaja mpaka niliposimama, akalishika jembe kwenye mpini.

"Nani kampa huyu jembe?" akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka ndani walikokuwa wanalia. "Enyi Waluguru, hamna akili? Huyu akikutana na jiwe atampandisha mama wa watu juu yake, halafu aseme ardhi imetitia. Bibi yetu tunataka alale sawa. Lete hapa."

Halafu mjomba wangu mzee, aliyekuwa hajanyanyua kichwa tangu jana yake, akacheka, na uwanja mzima ukacheka naye. Mimi nilicheka, kisha nikalia, machozi ambayo tangu mama afumbe macho yalikuwa yamekataa kutoka. Mama Nyamizi alisimama palepale akinitazama, na hakuliachia jembe.

Nikampa.